Pete ya ametisto hailindi mtu



Juma iliyopita mwenzetu mumoja alituonyesha pete yenye jiwe la rangi ya violeti. Aliinunua sokoni kwa nusu ya feza ya minerval. Muuzaji alimwambia: «Hii ni ametisto. Ukiivaa, pombe haitakushinda.» Wengine wetu wakapiga kelele: «Itupe, ni ya shetani!» Sisi tunaona pande zote mbili zimekosa.

Jiwe si la shetani. Tusome Kutoka 28: ametisto ni mojawapo ya mawe 12 ya kifuko cha kifuani cha Haruni. Katika Ufunuo 21 ni msingi wa 12 wa Yerusalema mupya. Na maaskofu wengi wamevaa pete zake.

Linatoka wapi basi? Ni mawe ya namna ya kwarsi. Chuma kidogo sana ndani yake, pamoja na mionzi ya asili ya ardhi, njo vinalipa rangi. Ni gumu, kisu hakilikwaruzi, kwa hiyo linafaa kwa pete.

Lakini kuzuia ulevi? Wagiriki wa zamani walilipa jina lenye maana ya «asiyelewa», na wengi waliamini hivyo. Plinius, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika kwamba ni uongo wa waganga. Zaidi ya miaka 1900 imepita, na sisi tungali tunauziwa uongo uleule! Liache juani siku nyingi, rangi yake inaweza kufifia. Lipashe moto wa kama digrii 450, linaweza kugeuka njano. Jiwe lisiloweza kujilinda na jua, litakulinda wewe na chupa namna gani?

Tena tuangalie bei. Zamani ametisto ilihesabiwa pamoja na yakuti na zumaridi. Katika karne ya 19 mawe mengi sana yalipatikana Brazili na Uruguay, bei ikaanguka. Jiwe lenyewe halikubadilika hata kidogo! Leo jirani yetu Zambia pia inalichimba, na viwanda vinatengeneza mengine ambayo macho peke yake hayawezi kuyatambua. Ile ya sokoni, ni nani aliyeipima?

Kuvaa pete nzuri si kosa, kama feza ni yako. Lakini minerval ni jasho la mama anayebeba mihogo mpaka sokoni. Leo mwenzetu yuko inje ya darasa, pete iko kwenye kidole.

Ndugu, asiyetaka kulewa asiguse glasi. Hiyo dawa hainunuliwi. Na anayetaka kuvaa ametisto, kwanza alipe minerval, halafu aishi sawasawa na jina la jiwe lake.