Kwanza Njia, Kisha Viwanja

Barabara ishukayo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ambayo zamani wakati wa masika iliwatesa wasafiri kwa matope, leo ni ya lami. Tena, mwezi wa Desemba 2023 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bandari mpya hapo Mbamba Bay. Mambo haya mawili ni ya kushangilia, nasi twayashangilia. Lakini palipo na barabara na bandari hakosi kufika mwenye kamba ya kupima viwanja. Huyo naye twamkaribisha. Neno letu kwake ni moja tu: kabla hajapima kiwanja cha kwanza cha nyumba, na apime njia za miguu na mahali pa wazi pa watu wote.

Wako watakaocheka na kusema kwamba bustani na njia za kutembelea ni anasa ya matajiri. Twawaomba washuke ziwani asubuhi moja tu. Watawaona akina mama wakianika usipa mchangani, wavuvi wakivuta mitumbwi nchi kavu, na watoto wakicheza mpira karibu na mama zao. Ufuko ule ni mahali pa kazi, ni soko, tena ni mahali pa kupumzikia. Mwenye kiwanja akijenga ukuta wake mpaka majini, je, mvuvi atapita wapi na wavu wake? Tajiri asiye na bustani mtaani atapanda maua uani kwake. Mfanyakazi mwenye chumba kimoja hana pengine pa kukaa jioni na watoto wake ila pale palipo pa wote.

Sheria imekwisha tusaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengine huutazama ukanda huo kama ardhi iliyopotea bure. Sisi twasema kwamba huo ndio bustani ya Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, iliyokwisha kutolewa bila fidia wala gharama. Kilichobaki ni kupanda miti ya kivuli, kuacha njia moja ndefu kando ya maji, na kuacha vichochoro vya kutosha kati ya viwanja ili kila mtaa ushuke ziwani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wala tusidhani kwamba kupanga ardhi ni elimu ya wageni. Huko juu Mbinga, Wamatengo tangu zamani waliigawa milima yao kwa ntambo: ukoo mmoja ukishika mgongo wa mlima uliopakana na vijito, msitu ukiachwa kileleni, nyumba zikijengwa kwenye mteremko, na mashamba ya ngolo yakizuia udongo usichukuliwe na mvua. Mji wa Mbinga unapopanuka, na ufuate akili hiyo hiyo. Kilele na bonde la kijito havifai kwa nyumba. Basi kilele kiwe msitu wa mji, na kando ya kijito ipite njia ya miguu ya kuwafikisha watoto shuleni pasipo kushindania barabara na malori ya kahawa.

Mifano iko. Katika Dar es Salaam serikali ya kikoloni iliuacha wazi uwanja wa Mnazi Mmoja ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu. Nia ilikuwa mbaya; lakini kwa kuwa ardhi ilibaki wazi, wananchi waliigeuza kuwa mahali pa kukutania. Ingekwisha jengwa, wasingekuwa na la kugeuza. Na huko Nairobi, mwaka 1989, jumba la ghorofa 60 lilikusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alilipinga, akatukanwa hata bungeni. Lakini jumba halikujengwa. Tusisahau kwamba waliotaka jumba hilo hawakuwa wageni, bali chama chenyewe kilichokuwa kikitawala, KANU.

Kwa sababu hiyo twasema na wanachama wetu bila kuficha. Mahali pa wazi hapaliwi na adui atokaye mbali. Huliwa kipande kwa kipande: leo kibanda, kesho duka, keshokutwa nyumba yenye hati. Na mara nyingi aliyenyamaza alikuwa mjumbe wa kamati, pengine ndugu yetu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka wananchi washirikishwe katika mipango ya miji yao. Basi kila mwanachama wa Mbinga na Nyasa na aende kuuona mchoro wa mtaa wake. Aulize: mahali pa wazi ni wapi? Pana ukubwa gani? Mawe ya mipaka yamekwisha simikwa? Akijibiwa kwamba hayo yatafikiriwa baadaye, asiondoke. Nyumba iliyokosewa hubomolewa ikajengwa upya. Njia ya kwenda ziwani ikisha kuzibwa kwa hati, watoto wetu hawataipata tena.