Imani si Bima

Wapo wanaohubiri kwamba mwenye imani ya kweli hapatwi na mabaya, na akipatwa, basi imani yake ina kasoro. Napinga fundisho hilo, na ushahidi wangu uko hapa hapa Rubavu.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Je, wote hao hawakuwa wakisali? Kumwambia mfiwa kwamba hakuomba vya kutosha ni kurudia kosa la rafiki zake Ayubu, ambao Mungu mwenyewe aliwakemea.

Kama mfano huo hautoshi, tumkumbuke Félicité Niyitegeka. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, aliwaficha waliokuwa wakiwindwa katika kituo cha Saint-Pierre, Gisenyi. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao. Leo ni shujaa wa taifa katika daraja la Imena. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba?

Wenzangu, tuache kuiuza imani kama bima. Tumaini la Kikristo halituahidi kwamba mto hautafurika; linatupa nguvu ya kutomwacha jirani unapofurika. Anayetaka kuwafariji wafiwa aache kwanza kuwahukumu, kisha akae nao, alie nao.