Mafunzo ya ufundi ni wajibu wa kaunti, si fadhila

Jukumu la kuwafunza vijana wa vijijini kazi za ufundi lina mwenyewe. Jadwali la Nne la Katiba ya 2010 liliviweka vyuo vya ufundi vya vijiji mikononi mwa serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea, wala halikuacha nafasi ya kusukumiana. Serikali za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru, Tharaka-Nithi na Laikipia zinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Barabara iliyokosa changarawe mwaka huu itamwagiwa mwaka ujao, lakini kijana aliyemaliza shule akakaa miaka mitatu bila stadi, hakuna bajeti itakayomrudishia miaka hiyo.

Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o alipozitaka kaunti zisilipe basari za shule za upili na vyuo vikuu bila mkataba rasmi na serikali kuu, magavana walilalamika kwamba watoto wa maskini wangeumia. Kilio hicho kilikuwa na haki yake, kwa maana hakuna mwenye utu anayependa kumwona mwanafunzi akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hata hivyo, ni nadra sauti hiyo kusikika kwa nguvu iyo hiyo ikitetea karakana isiyo na mashine ya kuchomelea, au mkufunzi wa ushonaji anayefanya kazi kwa kandarasi za muda mfupi. Basari hugawanywa hadharani na kupigiwa makofi, ilhali mshahara wa mkufunzi haumpi mwanasiasa jukwaa. Kiongozi anayejitolea kwa jukumu lisilo lake huku lililo lake limelala hawezi kudai kuwa ametimiza wajibu.

Eneo la kaunti hizi saba haliwezi kusingizia kutojua. Tangu 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilionya kuhusu vijana waliomaliza shule wasijue pa kwenda, na kutokana na onyo hilo vyuo vya ufundi vya vijiji vikazaliwa. Wananchi wa Nyeri hawakungoja serikali. Walichanga kwa harambee, na chuo cha teknolojia cha Kimathi kikaanza 1972. Desemba 2012 kikawa chuo kikuu kamili, na vyuo vya kiufundi vya Murang'a na Kirinyaga vikapata hadhi hiyo 2016. Eneo lilivihitaji vyuo vikuu, na wahandisi wanaotoka humo ni fahari ya wote. Ni kweli pia kwamba mwaka huohuo wa 2016 taasisi za Nyeri na Meru zilipandishwa kuwa vyuo vya kitaifa vya kiufundi. Lakini chuo kinapopanda daraja, fedha na heshima hupanda nacho, na kijana wa Kieni au Mukurwe-ini ambaye hakupata alama nzuri hubaki akitegemea chuo cha kijiji ambacho wakubwa wamekisahau.

Gharama ya usahaulifu huo iko mbele ya macho yetu. Mashamba ya kahawa na majani chai yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi hayatoshi tena kumtunza kila mrithi. Miji nayo, kuanzia Karatina na Kerugoya hadi Nanyuki, haiachi kujengwa. Vijana wengi hujifunzia kwa mafundi wa juakali, na baadhi yao wanawashinda kwa mikono waliosomea darasani. Lakini bila mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, ujuzi wao hauna ushahidi, na mwanakandarasi huwalipa kama vibarua. Mwenye nyumba naye hana namna ya kumtambua fundi umeme anayebahatisha, mpaka siku nyaya zinaposhika moto.

Serikali kuu haijaepuka lawama. Ruzuku ya Sh15,000 kwa kila mwanafunzi, iliyoanza kutolewa 2017 kwa ajili ya vyuo vya ufundi vya vijiji, ilikuja kukoma na kuziacha kaunti zikijitafutia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, useremala na uashi viliingizwa shuleni, wazazi wakaambiwa wajenge karakana, vifaa vikakosekana, na hatimaye masomo hayo yakaondolewa. Leo wanafunzi wa sekondari ya msingi wanasomea tena misingi ya ufundi. Kosa la 1985 likirudiwa, halitaitwa bahati mbaya.

Wazazi na waajiri pia wana sehemu yao. Jamii inayomtisha mtoto kwamba akifeli atapelekwa kusomea ufundi isishangae anapouona ufundi kuwa adhabu. Mwajiri anayetozwa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kugharimia mafunzo ya viwanda ana haki ya kuuliza fedha hizo zimemfunza nani, na ana wajibu wa kumpokea mwanagenzi katika karakana yake.

Kila kaunti itenge fungu la vyuo vya ufundi lisiloweza kuhamishwa, iwaajiri wakufunzi kwa masharti ya kudumu, na itangaze hadharani kila mwaka waliojiunga, waliohitimu na waliopata kazi. NITA iisogeze mitihani karibu na karakana za juakali, kwa ada ambayo kibarua anaiweza. Serikali kuu irejeshe ruzuku, na iiweke katika sheria ili isitegemee hisani ya waziri. Madiwani, ambao ndio huidhinisha bajeti kabla ya Juni 30, wakatae makadirio yoyote yasiyo na fungu hilo. Wapiga kura nao wawaulize wagombea wa 2027 swali moja: chuo cha ufundi cha wadi hii kina wakufunzi wangapi, na vifaa gani? Asiye na jibu hastahili kura.