Punda si Mkaidi, Sisi Ndio Hatueleweki

Leo tuweke kando kidogo seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu punda. Msicheke! Mtaona kwamba hatujatoka nje ya mada.

Ukipita Makongeni mjini Thika, au Kimbo kule Ruiru, utakutana na mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji, mchanga au mawe ya kujengea. Miji hii inakua haraka, na pale ambapo mabomba hayajafika, punda ndiye bomba. Lakini wenye mikokoteni wengi wana amri moja tu: kiboko. Punda akisimama, kiboko. Akienda, kiboko vilevile. Mimi nasema huo si ukatili tu, ni ufundishaji mbovu.

Sababu ni hii. Farasi na punda hufunzwa kwa shinikizo na nafuu. Unavuta kamba kidogo, mnyama anapiga hatua, papo hapo unalegeza. Kinachomfundisha si kule kuvuta, ni kule kulegeza. Ukichelewa sekunde chache tu, hajui umemlegezea kwa lipi. Na asiyepata nafuu hata akitii hajifunzi kitu ila kuvumilia.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike, aliyewachunguza paka kwenye vizimba, alieleza kwamba tendo lenye matokeo mazuri hurudiwa. Miaka mia moja baadaye, 1998, Richard Sutton na Andrew Barto walichapisha kitabu kuhusu kuifunza tarakilishi kwa wazo lilo hilo: programu hujaribu, hupata tuzo, hujirekebisha. Tuzo ikitolewa ovyo, programu haifiki popote. Punda naye ni vivyo hivyo, ila yeye huumia.

Kuna jambo la pili. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama tuli kwanza, atazame. Ndiyo maana tunamwita mkaidi. Lori likimpigia honi akaganda, kumchapa ni kumthibitishia kwamba hatari ipo kweli. Programu ikikwama unasoma ujumbe wa hitilafu, huipigi skrini ngumi.

Najua mtaniambia kijana wa mkokoteni analipwa kwa safari, hana muda wa masomo. Ni kweli, na tumbo halingoji. Lakini hesabu yenyewe inamkataa. Vichinjio vya punda vilivyoanza kazi nchini miaka ya 2010 vilipunguza punda kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, bei ikapanda, hadi serikali ilipotangaza marufuku mwaka 2020. Punda akilemaa leo, mwingine anunuliwe kwa nini? Tena sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga kikatili na kumzidishia mzigo.

Basi, amri moja iwe na maana moja. Mlegezee mara tu anapotii. Jambo gumu ligawanye vipande vidogo, kama tunavyofanya kwenye programu. Mzigo ulingane na nguvu zake.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nadhani mateke mengi ni ujumbe wa hitilafu ambao hakuna aliyejali kuusoma. Nyinyi mwaonaje?