Nusu ada si udhamini

Najua nimepotea, mtanisamehe. Chuo kimetulia, wengi wenu mko fildi au mko nyumbani mnakula vya mama, na mie nimebaki hapa Dar nahangaika na fildi yangu. Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu daladala za asubuhi, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili, bora nilitoe.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita mwaka huu na kafaulu vizuri. Kachaguliwa vyuo viwili. Kimoja cha serikali, mkoani. Kingine cha binafsi, hapa hapa Dar, na hicho kimemwandikia barua kabisa, yenye muhuri, kwamba kitamlipia nusu ya ada. Anatakiwa athibitishe kimoja na siku zinahesabika. Mkopo kaomba, lakini si mnajua majibu ya Bodi yanatoka kwa awamu, na yanapotoka wewe ulishathibitisha chuo zamani. Kwa hiyo mkononi ana barua moja ya uhakika na ahadi moja ya "subiri".

Mzee kanipigia. "Mdogo wako afuate njia yako. Wewe ulidhaminiwa, na yeye adhaminiwe. Mambo ya madeni sitaki." Nikaitikia tu, "Sawa baba." Bi mkubwa alikuwa karibu, nilimsikia akikohoa, hakusema kitu. Hakusema kwa sababu yeye anajua na mzee hajui: udhamini wangu ulikufa mwisho wa mwaka wa kwanza.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana wengine hapa chuoni mnanionaga tu na shati limenyooshwa.

Ada ya kozi yangu ni shilingi 3,200,000 kwa mwaka. Nusu ikalipwa na chuo, nusu nyingine nyumbani. Mzee ni fundi cherehani Singida, akajikamua, sare za shule zikamsaidia. Lakini barua yangu ilisema ada tu. Chakula hakikuandikwa, chumba hakikuandikwa, nauli haikuandikwa, na ile michango ya mitihani na kitambulisho na nini sijui, haikuandikwa pia. Hosteli zimejaa, nikapanga chumba Kimara na jamaa mmoja. Ili nile na nilipe kodi nikapata kibarua steshenari, kuchapa kazi za watu na kutoa kopi, saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku. Wiki za mitihani ndiyo wateja wanajaa, si kila mtu anataka noti. Nami nilikuwa nawatolea wenzangu kopi za noti ambazo mwenyewe sijazisoma.

GPA ikaja 3.4. Sikupata sapu hata moja, jamani. Lakini kanuni ilitaka 3.5, yaani daraja la pili la juu. Kwenye barua yangu hiyo namba haikuwepo, kuliandikwa tu kwamba udhamini utaendelea "kulingana na maendeleo ya kitaaluma". Namba yenyewe nilikuja kuonyeshwa ofisini, kwenye kijitabu, siku naenda kuuliza kwa nini nadaiwa ada nzima.

Angalieni hapo mchezo ulipo. Nusu ya udhamini ilinifanya nitafute kazi, na kazi ikanila huo udhamini. Wale waliobaki nao kwenye darasa letu wengi ni wale ambao nyumbani kwao wangeweza kulipa ada nzima bila kuuza kitu. Siwaonei wivu, wamesoma, mmoja ni rafiki yangu na ana 4.5 ya haki. Nasema tu kwamba sharti la GPA halimpimi mtoto wa fundi cherehani na mtoto wa mwenye duka kwa mzani mmoja, hata kama mtihani ni uleule.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mzee wangu ni mtu wa futi ya kupimia. Chuo cha serikali alichopata mdogo wangu, kozi inayofanana, ada ni 1,300,000. Miaka mitatu ni 3,900,000, bila msaada wa mtu yeyote. Huku binafsi, hata kama angebaki na nusu yake mpaka siku ya joho, nyumbani wangetoa 4,800,000. Yaani anayelipa mwenyewe serikalini anatoa kidogo kuliko aliyedhaminiwa nusu huku! Mie mpaka nimalize nitakuwa nimegharimu milioni 8. Ya mwaka wa pili kalipa mjomba, na iliyopungua bi mkubwa kachukua kwenye kikundi chake cha VICOBA. Mzee anajua ada "imepanda kidogo". Ndivyo nilivyomwambia. Hiyo ni aibu yangu, sitaisingizia kwa mtu.

Ndiyo maana nasema nusu ada si udhamini, ni punguzo la bei. Punguzo si baya, hata Kariakoo tunaliomba. Ila ukienda Kariakoo unauliza kwanza bei ya duka la jirani.

Na mzee naye ana sababu zake za kuogopa vyuo vya serikali. Anakumbuka Novemba 2008, wanafunzi walipogoma kwa ajili ya mikopo wakarudishwa nyumbani. Na anakumbuka maneno ya watu kuhusu deni la Bodi. Deni lipo, sikatai: ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani, iliyokuwa inafanya deni linenepe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Na mkopo, ukiupata, una kitu ambacho barua yangu haikuwa nacho: chakula na malazi. Bumu lilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Elfu kumi si utajiri, waulizeni wanaokula wali maharage kutwa mara mbili, lakini elfu kumi hiyo ingenitoa mie steshenari. Halafu ukipata 3.4 hakuna anayekuja kukunyang'anya. Ukifeli ukarudia mwaka ndiyo habari nyingine.

Anaweza kukosa mkopo, au akapata asilimia ndogo ya kuchekesha? Anaweza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ila akikosa, atakuwa amekosa kwenye ada ya 1,300,000. Mie nilikosa kwenye 3,200,000.

Nisije nikaonekana nakitukana chuo changu. Darasani tuko hamsini na kitu, mwalimu wa takwimu ananijua kwa jina na nikikosa kipindi ananiuliza. Rafiki zangu wa serikalini wananisimulia semina za kusimama dirishani. Na kama barua ya mdogo wangu ingekuwa ya ada yote, chumba na chakula, ningempigia mwenyewe usiku wa manane nimwambie asaini. Lakini hata hapo ningeuliza nani anatoa hizo hela. Mwaka 2016 TCU ilizuia kampasi za binafsi Songea na Arusha zisiendelee, wanafunzi wakatawanywa vyuo vingine. Barua ya chuo ina nguvu kama chuo chenyewe kina nguvu.

Jana nimemwambia dogo aende pale chuoni kwa miguu yake, aombe kile kijitabu cha kanuni kabla hajathibitisha, asikubali kuelezwa kwa mdomo. Aulize namba ni ngapi, akishuka muhula mmoja anapewa nafasi ya kurudi au ndiyo basi, na ada ikipanda hiyo nusu inapanda nayo au inabaki palepale. Kaniuliza, "Kaka, mbona unajua yote haya?" Nikamwambia nimesikia kwa watu.

Leo mzee kapiga mara mbili, sikupokea. Nimemtumia ujumbe kwamba nitampigia saa tatu usiku akishafunga cherehani. Bi mkubwa nimeshamwambia nitakachosema, kaniambia nianze na salamu na nisimkate maneno. Sasa hivi ni saa mbili na nusu, vocha ninayo.