Mtoro Hakukosa Adabu



Tungo zetu nyingi kuhusu utumwa hufanana. Minyororo italia, machozi yatatiririka Bagamoyo, soko la Mkunazini litalaaniwa, kisha katika beti za mwisho atatokea mgeni mwema kutoka Ulaya azivunje pingu. Mtumwa mwenyewe hatendi jambo. Hukamatwa, huuzwa, huhurumiwa, huachwa huru. Vitenzi vyote ni vya kutendwa. Naupinga utungo wa namna hiyo, na hoja yangu naianzia katika neno moja: mtoro.

Leo mtoro ni mwanafunzi asiyefika darasani. Sisi walimu twamjua kwa alama yake katika daftari la mahudhurio. Lakini katika pwani ya karne ya 19, watoro walikuwa watu waliokata shauri kuyaacha mashamba ya mabwana zao Malindi, Takaungu na Mombasa. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, ulikuwa mji wao waliojijengea. Kaskazini zaidi, huko Gosha kando ya mto Juba, waliotoroka utumwa wa Somalia walifyeka misitu, wakalima, wakajilinda kwa silaha. Kiongozi wao mashuhuri alikuwa Nassib Bundo. Hao hawakuingoja amri ya Unguja ya 1897, amri iliyomtaka mtumwa aende mahakamani kudai uhuru wake, na bwana alipwe fidia. Hata Rabai, mwaka 1889, kampuni ya Kiingereza iliwalipa mabwana fedha ili watoro waliokimbilia misheni wapate hati za uhuru. Tazameni hesabu hiyo: aliyedhulumu alilipwa, na aliyejiokoa akabaki na jina la mkosaji.

Sasa lipimeni neno hilo na mwenzake, muungwana. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa wa mtu. Leo ni mtu mwenye adabu njema. Jina la aliyemiliki limepanda likawa sifa. Jina la aliyekataa kumilikiwa limeshuka likawa kosa la mtoto wa shule. Nani aliyelitazama tendo la kutoroka akaona utovu wa nidhamu? Si yule aliyetoroka.

Najua nitajibiwa kwamba maneno hubadilika yenyewe, na kwamba si kazi ya mshairi kuyapangia maana. Sikubali. Wapagazi wa misafara ya pwani, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa, walijiita waungwana walipokuwa bara, wala hawakumwomba mtu ruhusa. Kutokana nao likapatikana jina Kingwana, lililopewa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Watu wasio na mali walilitwaa neno la wenye mali. Basi sisi wenye kalamu tunashindwaje?

Ng'ambo ya bahari, watu weusi wa Brazil wametutangulia. Waliotoroka mashamba ya miwa walijenga makao yaliyoitwa quilombo, neno lenye asili katika Kimbundu cha Angola, lugha iliyo ndugu wa hii yetu. Makao mashuhuri kuliko yote, Palmares, yalidumu karibu karne nzima, na kiongozi wake Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na katiba yao ya 1988 inatambua haki ya ardhi ya wazawa wa quilombo. Neno la waliosakwa kwa bunduki limeingia katika sheria, na wazawa wao hulitamka kwa fahari.

Kwa hiyo nawataka wenzangu mambo mawili. Kwanza, anayetunga kuhusu utumwa ampe mtumwa vitenzi vya kutenda: alikataa, alipanga, alitoroka, alijenga, alipigana. Huruma peke yake haimtoshi, kwa maana humfanya kuwa mzigo wa wema wa wengine. Pili, mtoro aingie katika mashairi yetu kwa jina lake, bila kuombewa radhi, asimame pale tunapowasimamisha mashujaa.

Ama mwanafunzi asiyefika shuleni, huyo ni mtegaji. Neno hilo lamtosha. Neno mtoro lina wenyewe, nao walilala Fuladoyo.