Polisi wa Barabarani Aliyejua Kunyamaza

Ukimwambia Mkenya "polisi wa barabarani", picha inayomjia ni ya makanga akishuka na noti imekunjwa kiganjani. Leo sitaki hiyo stori, tumeichoka. Nataka tuongee kuhusu polisi mmoja wa barabara kuu kule California, mzee aliyestaafu 2013, ambaye kazi yake imenifanya niulize maswali kuhusu polisi wetu na, kusema ukweli, kuhusu sisi wenyewe.

Anaitwa Kevin Briggs. Alikuwa mwanajeshi kwanza, akaugua saratani akiwa bado kijana, akapona, akawa askari jela, kisha 1990 akaingia California Highway Patrol. Kazi ya kawaida tu: pikipiki, madereva wenye haraka, ajali. Lakini eneo lake lilikuwa kusini mwa kaunti ya Marin, na doria yake ilifika mpaka daraja la Golden Gate. Tangu lifunguliwe 1937, watu zaidi ya 1,600 wamejitoa uhai hapo. Sasa fikiria, wewe umeajiriwa kusimamisha magari, halafu unaambiwa kuna mtu amevuka kizuizi cha daraja, nenda uongee naye. Briggs alianza doria pale 1994 na mwenyewe amesema wazi kwamba hawakuwa wamepewa mafunzo rasmi ya hiyo kazi.

Aliongea na mamia ya watu pale. Amesema aliowapoteza ni wawili, na kwake hata wawili ni wengi mno.

Alifanyaje? Hapa ndipo nimekwama siku tatu nikirudia hotuba yake ya TED ya 2014. Hakumkimbilia mtu. Alisimama mbali, akajitambulisha, akaomba ruhusa ya kusogea. Fikiria polisi anaomba ruhusa! Kisha anauliza moja kwa moja kama mtu anafikiria kujiua, bila kuzungukazunguka. Anauliza pia kesho una mipango gani. Kama huna, basi tutengeneze mmoja sasa hivi, mimi na wewe. Baada ya hapo anasikiliza. Habishani, halaumu, na hasemi "najua unavyohisi", kwa sababu hajui.

Machi 2005 alimkuta kijana wa miaka 22 anayeitwa Kevin Berthia. Binti yake alikuwa amezaliwa kabla ya wakati na bili za hospitali zilikuwa zimemlemea. Walikaa pale zaidi ya saa moja, na muda mwingi aliyeongea ni Berthia. Mwishowe akakubali kurudi upande wa ndani. 2013 wawili hao walikutana tena New York, Berthia akimkabidhi Briggs tuzo. Alipoulizwa ni nini kilimrudisha, hakutaja maneno yoyote matamu ya polisi. Alisema huyu mtu alinisikiliza.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye komenti: "Aliyeamua ameamua, akizuiwa leo atarudi kesho." Si kweli, na si mimi ninayesema. 1978 mtafiti Richard Seiden alifuatilia watu 515 waliokuwa wamezuiwa kwenye daraja hilo hilo kati ya 1937 na 1971. Karibu asilimia 94 walikuwa hai au walikuwa wamekufa kifo cha kawaida. Wengi hawakurudi. Walihitaji ile saa moja ipite. Na wenye daraja walielewa, ingawa walichelewa sana: wavu wa kuokoa watu ulikamilika Januari 2024.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, mtu akiokolewa hivyo alikuwa anatoka mikononi mwa aliyemwokoa na kuingia seli. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa. Kule California polisi anaweza kukupeleka hospitali uangaliwe hadi saa 72. Huku ulikuwa unapelekwa kortini. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Vizuri sana, lakini hukumu haimfundishi konstebo aliye zamu ya usiku aseme nini. Namtaka huyo konstebo afundishwe, na namtaka yeye mwenyewe awe na mtu wa kuongea naye. Briggs hajaficha kwamba na yeye alipambana na msongo wa mawazo. Polisi wetu wanajiua pia, tunasoma habari zao, tunasikitika dakika mbili, tunaendelea kuskroli.

Na sisi raia tusijifanye watakatifu. Mtu akipanda mlingoti wa umeme, kitu cha kwanza tunachotoa ni simu, turekodi. Mtu akisema amechoka, tunamwambia jikaze, kuna wenye shida kubwa kuliko zako. Nilipoacha chuo kwa sababu ya karo nilipewa ushauri na kila mtu, hadi muuza mitumba. Aliyenisaidia ni binamu yangu mmoja aliyeninunulia chai na mandazi kwa kibanda, akakaa hapo jioni nzima karibu bila kusema kitu. Sikujua wakati huo kwamba hiyo ni kazi ambayo watu wanafundishwa.

Kama wewe unayesoma hii ndiye huna mpango wa kesho, piga 1199, ni laini ya Red Cross na hukatwi pesa. Ama niandikie inboksi uniambie kinachoendelea. Sina ushauri wa kukupa, lakini nitasoma yote.